Nani Anayelipa Gharama ya Ujuzi? Babati Yatoa Jibu

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na Mkoa wa Manyara una watu wapatao idadi hiyo hiyo, wakipishana kwa elfu chache tu. Tunaanza na tarakimu hizi kwa sababu msomaji wa Visiwani akisikia jina la Babati aghalabu hudhani kwamba ni mahali pa mbali, pa baridi, pa ng'ombe na mahindi, pasipo na jambo la kumhusu. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa makini tarehe 14 Oktoba 2023, mbio za Mwenge wa Uhuru zilipohitimishwa huko. Lakini mkoa ule na Visiwa vyetu wanashiriki shida moja: vijana ni wengi, viwanda vikubwa ni vichache, na sehemu kubwa ya ujuzi unaomlisha mtu hupatikana kazini, wala si darasani. Basi yatupasa kuuliza ni nani anayelipa gharama ya ujuzi huo, na ni nani anayepata nafasi ya kufunzwa.

Mji wa Babati umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Arusha hugawanyika hapo. Moja yaelekea kusini, Kondoa hadi Dodoma, na nyingine magharibi, Katesh hadi Singida. Mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, mji huu ukafanywa makao makuu, na ofisi zikaja. Lakini hata kabla ya ofisi, njia panda ilikuwapo, na penye njia panda ya malori hapakosi gereji. Malori yanayobeba vitunguu, alizeti, mahindi na mchele wa Magugu huharibikia njiani, na anayeyafufua ni fundi aliyekaa chini ya mti na vijana wake watatu au wanne wenye nguo zilizolowa oili.

Vijana hao ni wanafunzi, ingawa hapana mkaguzi wa elimu aliyewahi kuwahesabu. Wa kwanza kufika asubuhi ndiye anayefagia. Mwezi wa kwanza huosha nati na bolti kwa mafuta ya taa, hushika taa, huleta spana inayotajwa na hujifunza majina ya spana kwa kukaripiwa. Baada ya miezi kadhaa huruhusiwa kufungua gurudumu, kisha breki. Injini na gia boksi ni jambo la mwaka wa pili, au wa tatu, au wa siku ambayo fundi ataamua. Jirani na hapo yuko saidia fundi anayechanganya zege ili siku moja apewe mwiko, na yuko utingo anayelala juu ya mzigo safari nzima ili dereva amwachie usukani kidogo mahali pasipo na watu. Wote hawa wako masomoni.

Na wote hulipa ada. Mtu asidanganyike kwa kuwa hakuna stakabadhi. Kijana wa gereji hupewa chakula cha mchana na fedha kidogo ya kumfikisha nyumbani, ilhali kazi aifanyayo, hasa baada ya mwaka mmoja, ina thamani kubwa kuliko hiyo. Tofauti iliyoko baina ya kile anachozalisha na kile anachopewa ndiyo ada yake. Wazazi wake nao hulipa, kwa kuwa mtu mzima mwenye nguvu hula nyumbani bila ya kuleta kitu. Kwa upande wa mabinti mambo huwa magumu zaidi. Anayetaka kujifunza cherehani au kusuka nywele aghalabu hutakiwa kutoa fedha taslimu tangu mwanzo, na pengine aje na kitambaa chake cha kufanyia mazoezi. Mvulana hukopeshwa masomo, akalipa kwa mikono yake. Msichana hulipa kwanza. Kwa hiyo msichana wa nyumba maskini huwa ameachwa nje kabla ya somo la kwanza, na hapana mtu aliyemkataza.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tunaufahamu utaratibu huu vizuri. Mwalimu wa Kurani hakuwa na mshahara wa Serikali. Tulipeleka ada ndogo, tukachota maji, tukakata kuni, na wakubwa miongoni mwetu wakawasikiliza wadogo masomo yao. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwalimu wa chuo hakupoteza kitu mwanafunzi alipohitimu. Kinyume chake alipata heshima, na siku ya kuhitimu alipata sadaka. Fundi wa gereji mwanafunzi wake akihitimu hupata mshindani.

Jambo hilo tulielezwa wazi na fundi mmoja wa makamo, mtu mpole, ambaye hakuona haya kulisema mbele ya wanafunzi wake.

"Mheshimiwa, huyu nikimfundisha yote mwaka huu, mwakani yuko ng'ambo ya barabara na mteja wangu."

"Na usipomfundisha, fundi?"

"Atakaa. Lakini ndugu yangu, atakaa akiwa wa kuosha vyuma tu. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita kwa mwalimu wangu, na gia boksi niliiba kwa macho."

Kuiba kwa macho! Hapana maneno yaliyoeleza uchumi wa mafunzo ya kazini kwa ufupi kuliko haya. Mwaka 1964 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Gary Becker, alitoa kitabu kilichopambanua aina mbili za ujuzi. Upo ujuzi unaofaa mahali pamoja tu, kama vile kuujua mtambo wa pekee wa kiwanda fulani. Huo mwajiri hukubali kuulipia, maana mfanyakazi hawezi kwenda nao kokote. Na upo ujuzi wa jumla, unaofaa kwa mwajiri yeyote. Huo, alisema Becker, mwajiri hatakubali kuulipia, kwa sababu matunda yake ni mali ya mfanyakazi, na mfanyakazi ana miguu. Basi mfanyakazi mwenyewe ndiye ataulipia, kwa kukubali ujira mdogo wakati anapojifunza. Wataalamu waliokuja baadaye wamelirekebisha jambo hili, wakaonyesha kwamba waajiri wengine hulipia hata ujuzi wa jumla pale ambapo mfanyakazi haoni njia rahisi ya kuondoka. Lakini kwa gereji ya njia panda, ambako kuondoka ni kuvuka barabara, maneno ya Becker yangali ni kweli tupu.

Alilolisahau msomi, na ambalo fundi analijua, ni kwamba ada ya namna hii haina kipimo. Mwanafunzi hajui amelipa kiasi gani wala amebakiwa na kiasi gani. Fundi akirefusha muda, anaongeza ada. Adam Smith aliliona jambo hili mwaka 1776, alipolalamika juu ya sheria ya Uingereza iliyomtaka mwanagenzi kutumikia miaka saba, akisema kwamba kazi nyingi hazihitaji muda mrefu kiasi hicho. Pale Babati hakuna sheria ya miaka saba; upo uamuzi wa fundi tu. Na fundi si mtu mwovu. Amewekwa mahali ambapo kufundisha upesi ni kujipunguzia riziki.

Sasa tuitazame Serikali, maana wasomaji wa safu hii wengi wao wako maofisini. Nchi yetu haikulala. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliweka idara ya kitaifa na mitihani ya madaraja ya ufundi, na Sheria ya mwaka 1994 ikaunda VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, pamoja na tozo ya kuendeleza ujuzi inayotozwa waajiri kwa kiwango cha mishahara wanayolipa. Kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 6, kisha, baada ya malalamiko ya miaka mingi ya waajiri, kikaanza kushuka: asilimia 5 mwaka 2013, asilimia 4.5 mwaka 2016, asilimia 4 mwaka 2020, na asilimia 3.5 mwaka 2023. Hapo awali alitozwa mwajiri mwenye watu wanne au zaidi. Tangu mwaka 2021 ni mwenye watu kumi au zaidi.

Natufanye hesabu. Mwenye hoteli ya watalii upande wa Tarangire, ambaye mishahara yake ni shilingi 10,000,000 kwa mwezi, kwa kiwango cha mwaka 2023 alidaiwa shilingi 350,000 kila mwezi, yaani shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba theluthi moja tu ya tozo hiyo iende kwenye mfuko wa mafunzo ya ufundi, na zilizobaki zitumiwe na Serikali kwa mambo mengine. Basi katika shilingi 4,200,000 alizotoa mwenye hoteli kwa jina la ujuzi, zilizowafikia mafundi ni kama shilingi 1,400,000. Hatusemi kwamba zile nyingine zimepotea. Twasema kwamba jina la tozo na kazi ya tozo ni vitu viwili, na mwajiri akilijua hilo huona amelipa kodi kama kodi nyingine, wala hajioni kuwa ana haki au wajibu wowote katika mafunzo ya watu wake.

Tena ni nani aliye nje kabisa ya mzunguko huu? Gereji ya watu wanne iko nje. Fundi cherehani yuko nje. Waajiri wa kilimo wamesamehewa tozo kwa wafanyakazi wao wa shambani, na msamaha huo una sababu zake. Lakini maana yake ni kwamba kibarua wa mashamba ya miwa ya Bonde la Kiru hayumo katika hesabu ya ujuzi, wala kwa kulipiwa wala kwa kufunzwa. Uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu watu 80 katika kila wafanyakazi 100 wa Tanzania walikuwa katika daraja la ujuzi wa chini. Hao ndio wale wale walio nje ya mzunguko.

Mtu aweza kuuliza: je, walio ndani ya ajira rasmi wote hufunzwa? La hasha. Katika nchi nyingi ulimwenguni ambako jambo hili limepimwa, mwenye elimu nyingi ndiye anayepewa mafunzo zaidi kazini, na kampuni kubwa hufunza kuliko ndogo. Kijana hupewa nafasi kabla ya mtu mzima, na mwenye kazi ya kudumu kabla ya kibarua. Kwetu sisi jambo hili limepata sura yake, nayo ni semina. Ofisa aliyekwisha soma hadi chuo kikuu huhudhuria semina, kisha warsha, kisha kikao cha tathmini ya warsha, na kila mara kuna posho. Dereva aliyempeleka husubiri nje ya ukumbi. Mhudumu wa ofisi, aliyeajiriwa miaka ishirini iliyopita, hajawahi kufundishwa hata kutumia mashine ya kutoa nakala ambayo kila siku huambiwa aifute vumbi. Posho inapokuwa sehemu ya kipato, mafunzo huacha kugawanywa kwa haja. Hugawanywa kwa cheo. Hili tunalisema kwa maofisa wenzetu bila ya kumung'unya maneno, kwa kuwa hapana sheria mpya inayohitajika kulirekebisha. Yatosha orodha ya washiriki ikaguliwe kabla ya kusainiwa.

Wazee wetu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1973, Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo kwamba kila mahali pa kazi, Bara, pawe na mpango wa elimu ya wafanyakazi, na kwamba wa chini nao wafundishwe hapo hapo kazini. Waliokuwa hawajui kusoma walisomeshwa, na waliojua walipewa masomo ya kazi yao. Wako waliosema kwamba saa za uzalishaji zinapotea, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Saa ya darasani ni saa isiyotoa bidhaa. Hata hivyo, agizo lile lilijibu swali ambalo sisi leo tunalikwepa. Lilisema wazi kwamba gharama ni ya mahali pa kazi, na kwamba wa kwanza kuhudumiwa ni yule mwenye ujuzi mdogo. Shida za uchumi za miaka ya 1980 na kubadilika kwa mashirika ya umma vilidhoofisha mipango ya namna hiyo, na hatujaweka badala yake jambo lenye uwazi kama ule.

Tugeuke sasa Visiwani. Malalamiko ya kila siku huku kwetu ni kwamba hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje huajiri watu kutoka mbali, na vijana wa vijiji vile vile hubaki nje ya ukuta. Wenye hoteli husema vijana hawana ujuzi. Vijana husema hawapewi nafasi ya kuupata. Wote wawili wanasema kweli, na sababu ni ile ile ya fundi wa Babati: ujuzi wa kuhudumia mgeni, kupika na kuendesha mapokezi ni ujuzi wa jumla, unaofaa hoteli ya jirani kama unavyofaa hii. Mwenye hoteli akimfunza kijana wa Matemwe mwaka mzima, hoteli ya pili humchukua kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Basi huona afadhali kumchukua aliyekwisha funzwa na mwingine. Kila mmoja akifikiri hivyo, hapana anayefunza.

Zipo juhudi, na haki yake itajwe. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na vituo vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji vimetoa mafundi wengi. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kikisaidiana na Shirika la Kazi Duniani na wenye hoteli, kilianzisha uanagenzi wa kazi za hoteli, ambao mwanafunzi hugawa muda wake baina ya darasa na hoteli. Utaratibu huo una faida kubwa: muda wa kujifunza unajulikana, na hoteli kadhaa hubeba gharama kwa pamoja, hivyo wa kuibiana watu wamekuwa washirika. Lakini anayeingia humo ni aliyemaliza skuli na kufaulu. Yule aliyeishia njiani, anayevua kamba na kuuza madafu nyuma ya ukuta wa hoteli, hana mlango.

Bara nako, Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu ilianza programu ya kukuza ujuzi kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, na uanagenzi ukawa sehemu yake. VETA nayo imekuwa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti bila ya kurudishwa darasani. Utaratibu huu wa mwisho tunaupenda kuliko yote, kwa kuwa hauulizi ulisoma wapi. Huuliza unaweza nini. Aliyeiba kwa macho huruhusiwa kuonyesha alichoiba.

Hata hivyo, una upungufu mmoja. Humtunuku mwanafunzi, na fundi aliyemfundisha huondoka mikono mitupu. Wakenya, ambao kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2007 hutoza shilingi 50 zao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, wamekuwa wakimrudishia mwajiri sehemu ya gharama anapowafunza watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa. Wazo ni zuri, lakini lina kasoro ambayo mtu wa ofisi aweza kuiona mara moja: anayerudishiwa ni yule mwenye karani wa kujaza fomu. Gereji haina karani.

Pendekezo letu ni kwamba sehemu ya tozo ya ujuzi, Bara na Visiwani, itengwe kumlipa fundi aliyesajiliwa kila mara mwanagenzi wake anapofaulu mtihani wa vitendo. Asilipwe kwa kumweka kijana, bali kwa kufaulu kwake. Leo fundi hufaidika kwa kuchelewesha. Siku hiyo atafaidika kwa kuharakisha. Akipeleka asiyejua, mtihani utamrudisha, naye hatapata kitu. Kwa mabinti, malipo hayo yatolewe nusu mwanzoni kwa fundi cherehani anayekubali kumpokea msichana bila ya ada, kwa sababu tumekwisha ona kwamba kikwazo chake kiko mlangoni. Pia gharama ya mtihani isiachiwe mwanagenzi, ambaye amekwisha lipa miaka miwili kwa jasho.

Wako watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Kima cha malipo hayo Wizara za Fedha zitakikadiria. Lakini hazitaweza kukadiria kitu iwapo hapana anayejua mafundi ni wangapi na wanagenzi wao ni wangapi. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Sheha kwa upande wetu, na mtendaji wa mtaa kwa upande wa Babati, anazijua gereji zake, maseremala wake na vyerehani vyake vyote. Apewe daftari lenye safu nne: jina la fundi, kazi yake, idadi ya wanagenzi, wake kwa waume, na mwezi ambao kila mmoja alianza. Madaftari hayo yafike wilayani kabla ya makadirio ya bajeti ijayo kuandikwa.